Fildi ya muziki isiishie studio

Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukikaribia, wanafunzi wa muziki huhangaika na barua za chuo mkononi. Wengi huzipeleka mahali pamoja: studio ya kurekodi. Anayepokewa na produsa mwenye jina huonekana ameula. Miezi inapita, naye anarudi chuoni akiwa amekaa nyuma ya kiti cha produsa, ameagizwa chipsi na vocha, na daftari lake limegongwa muhuri. Huko ni kumpotezea kijana muda.

Vyuo tunavyo, na vinafundisha. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inatoa wasanii tangu ilipoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Zanzibar, chuo cha muziki cha DCMA kimekuwa kikifundisha ala kama udi, kanuni na fidla tangu 2002. Anayetoka huko anajua kupiga. Kinachompiga chenga ni kazi inayouzunguka muziki, na hiyo ndiyo fildi inapaswa kumfundisha.

Aanzie jukwaani. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, limejijengea jina kwa wasanii kupiga laivu. Onyesho la namna hiyo huamuliwa mchana, kabla ya mtazamaji wa kwanza kuingia. Mafundi wanatandaza nyaya, wanabandika jina la kila chombo kwenye mixa, kisha wanajaribu sauti: ngoma kwanza, besi, gitaa, kinanda, waimbaji mwisho. Ikifika zamu ya kanuni, kazi inakuwa ngumu. Sauti yake ni ndogo. Ukiongeza maiki, spika za jukwaani zinapiga yowe. Mwanafunzi aliyesimama pale anajifunza kusogeza maiki karibu na nyuzi na kupunguza spika, badala ya kupandisha sauti. Darasani utalisikia hilo, jukwaani utalijua.

Kutoka jukwaani, aende kwenye makaratasi. Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, na ile rekodi yenyewe. Wenyewe wanaweza kuwa watu tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki, inalinda utunzi na rekodi pia. Hata hivyo, wasanii wangapi wameingia studio wakakubaliana kwa mdomo, wimbo ukapendwa, undugu ukavunjika? Mwanafunzi akikaa ofisini kwa meneja, ajaze mwenyewe fomu ya mgawanyo: nani ameandika, nani ametengeneza biti, kila mmoja asilimia ngapi. Aijue na ISRC, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12 inayotofautisha rekodi moja na nyingine.

Hapo linakuja jambo ambalo vyuo vinalifumbia macho. Mwanafunzi akiwa fildini anaombwa apige gitaa au aongezee kiitikio. Wimbo unatoka, jina lake halipo popote. Amekwenda kujifunza, hakwenda kugawa kazi yake. Barua ya chuo iseme wazi kwamba mchango wa mwanafunzi utatajwa, na kama ametunga, mgawanyo utaandikwa kabla wimbo haujatoka. Mwenyeji asiyekubali masharti hayo hafai kupewa mwanafunzi.

Tena, kazi hii ni ya usiku. Chuo kijue kijana wake yuko ukumbi gani na atarudije. Wanafunzi wa kike hasa wawe na mwalimu wa kumpigia simu saa yoyote wakisumbuliwa, na atakayelalamika asitishiwe kufelishwa. Nauli nayo ijadiliwe mapema na mwenyeji, kwa sababu mtoto wa maskini hawezi kushinda Kariakoo na kukesha Masaki kwa fedha ya mfukoni.

Mwisho, usimamizi ubadilike. Mwalimu anayekwenda kukagua asiridhike na muhuri. Adai mchoro wa jukwaa aliouchora mwanafunzi, fomu ya mgawanyo aliyoijaza na wimbo mmoja alioumiksi kwa mikono yake. Asiye navyo arudishwe, na aliyempokea aulizwe alikuwa akimfundisha nini. Mwenye navyo atamaliza chuo akiwa na kazi ya kumwonyesha mwajiri, hata kabla cheti hakijatoka.