Ua la Bustanini, Chupa ya Maabara na Sindano ya Mtoto



Katika bustani za makanisa, mbele ya nyumba na hata makaburini huota ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi. Wengi huliita vinka. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Huvumilia ukame na huchanua karibu mwaka mzima.

Sisi wauguzi huulizwa maswali mawili kuhusu ua hili. Je, ni kweli hutoa dawa ya saratani? Na ikiwa siku hizi miche ya migomba hukuzwa katika chupa za maabara, mbona ua hili lisikuzwe vivyo hivyo ili dawa iwe nyingi? Leo tunayajibu yote mawili, maana yanagusa uhai wa watoto wetu.

Dawa ilivyogunduliwa

Ni kweli hutoa dawa. Mwaka 1952 majani ya ua hili yalipelekwa kutoka Jamaika hadi Kanada, kwa sababu huko Jamaika watu waliyachemsha na kuyanywa kutibu kisukari. Watafiti Robert Noble na Charles Beer walipowapa panya dawa ya majani hayo, sukari haikushuka kama walivyotumaini. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi, na panya wakafa kwa maambukizo.

Watafiti hao waliona kwamba kitu kinachopunguza chembe nyeupe huenda kikaifaa saratani ya damu. Ndipo zikapatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini, ambazo zilianza kutumika hospitalini miaka ya 1960.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alieleza juu ya saratani inayovimbisha taya za watoto wa Afrika. Hata leo vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu uvimbe huo wa Burkitt. Ikianza mapema, pamoja na dawa nyingine, watoto wengi hupona.

Mimea ndani ya chupa

Kazi ya maabara huanza na kipande kidogo cha mmea, kama ncha ya chipukizi. Huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huwekwa ndani ya chupa safi yenye chakula kilichoganda kama jeli. Chakula hicho kina maji, sukari, madini na homoni za mimea. Kipande huchipua, machipukizi hukatwa na kuwekwa katika chupa nyingine, na kutoka mmea mmoja hupatikana miche mingi inayofanana na mama yake. Baadaye miche huzoeshwa udongo na jua polepole.

Iko pia njia ya pili. Badala ya kutafuta miche, wataalamu hukuza chembe za mmea peke yake katika matangi ya maji yenye chakula, wakitumaini kwamba chembe hizo zitatoa dawa zenyewe.

Mti uliokubali na ua lililokataa

Njia hii ya pili imefaulu kwa mti wa Taxus. Gome lake lina paklitaseli, dawa ya saratani ya matiti na ya ovari, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Lakini kumenya gome ni kuua mti, na mti wenyewe hukua polepole mno. Siku hizi chembe za Taxus hukuzwa katika matangi na dawa hutolewa humo. Mwaka 2004 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Marekani ya kemia isiyoharibu mazingira.

Kwa vinka mambo ni tofauti. Miche yake hukubali kukuzwa katika chupa, lakini chembe zake zikikuzwa peke yake hazitoi dawa inayotakiwa. Katika mmea mzima kazi hugawanywa kama katika jumuiya: chembe za aina moja huanza, nyingine hupokea, nyingine humaliza ndani ya jani. Ndani ya tangi mgawanyo huo hupotea. Kwa hiyo majani ya mashambani bado ni tegemeo, na yakadiriwa kwamba gramu 1 ya vinblastini huhitaji kilo 500 za majani makavu. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wameweza kuifanya hamira itengeneze viambato viwili vya dawa hii. Hilo linatia matumaini.

Tuzingatie nyumbani

1. Tusichemshe vinka tunywe, wala kwa kisukari wala kwa uvimbe. Dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, sawa na punje chache za chumvi. Hakuna sufuria inayoweza kupima hivyo. Majani yana sumu nyingine pia, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito.

2. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya majani.

3. Mtoto akivimba taya au tumbo, meno yakilegea kabla ya wakati wake, au jicho likitokeza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe wa Burkitt hukua upesi sana, na wiki mbili za kujaribu mizizi zaweza kumnyima mtoto nafasi ya kupona. Hospitali za rufaa kama Muhimbili na Bugando hutibu saratani za watoto.

4. Kama mgonjwa amekwisha kunywa dawa ya miti shamba, tumwambie muuguzi bila aibu. Hatuulizi ili kugomba, bali ili dawa zisigongane mwilini.

5. Matibabu yakianza, yasikatizwe uvimbe unapoyeyuka. Ukiyeyuka nje, chembe za saratani huweza kubaki ndani.

Hatuidharau mimea aliyoiumba Mungu. Lakini tumeona kwamba hata wataalamu wenye maabara kubwa wamehangaika miaka mingi kuitoa dawa ndani ya ua hili. Basi vinka ibaki kupamba bustani, na mtoto mwenye uvimbe apelekwe hospitali mapema.

Mungu azilinde familia zenu.