Kuvumwani: Tuoteshe Nyumbani, ya Msituni Tuiache

Vikundi vyenye nasari vinajua ya kwamba kuna miti ya matunda isiyofaa sana kupandwa kwa mbegu. Ukipanda mbegu ya mpera au ya mlaichi unangoja miaka, na matunda yakija huenda yasifanane na ya mama yake. Ndiyo sababu wengine wetu huotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti. Unatoa gamba, unafunga hapo kitu chenye unyevu, mizizi inatokea, kisha unakata tawi na kupata mche. Na kitu kizuri cha kufunga hapo ni kuvumwani.

Kuvumwani ni ile mimea mifupi ya kijani inayokaa kama zulia juu ya mawe, magogo na mahali pa kivuli. Kila kabila lina jina lake. Lakini tusichanganye na ukoga, ule utelezi wa ndani ya tangi.

Shida ni mahali tunapoitoa. Watu wanaenda na magunia msituni au kwenye chemchemi ya kijiji wakikwangua kila kitu. Huko kuvumwani ina kazi: inanyonya maji ya mvua na ya ukungu kama sponji, halafu inayaachilia polepole. Gogo lililokwanguliwa linaweza kukaa miaka kabla halijafunikwa tena. Tena, Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kutoa mazao katika msitu wa umma bila kibali. Sasa, kikundi kitauzaje miche kwa kuharibu maji yake kinayokunywa?

Kumbe inaweza kuoteshwa nyumbani. Tuseme ukweli: kazi hii ni ya sehemu zenye baridi na mvua, kama Nyeri, Murang'a au milima ya Taita. Walio sehemu kavu wasijisumbue. Unga wa mbao uliooza vizuri, ukiloweshwa, utawafaa.

Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Ina nyuzi ndogo za kujishikilia tu, na maji inayanywa kwa majani. Kwa hivyo haihitaji mbolea. Ukiiwekea samadi unaita nyasi, na jivu nalo linaiharibu. Wengine husema ati ichanganywe na maziwa lala ipakwe kwenye mawe. Maziwa wape watoto.

Chagua pembe yenye kivuli, nyuma ya nyumba au chini ya migomba, karibu na tangi. Ng'oa nyasi zote, lainisha udongo, kisha ushindilie mpaka uwe mgumu kidogo. Tafuta vipande katika boma lako mwenyewe: kwenye mawe, matofali ya zamani, ukingo wa mtaro. Loweka udongo, laza vipande, kisha vikanyage kwa miguu mitupu ili vishikane na ardhi. Kukiwa na nafasi katikati si neno, itajazika yenyewe, ila polepole. Hesabu miezi, si wiki.

Kwa wiki za kwanza nyunyiza asubuhi na jioni kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo. Usimwage kwa ndoo. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima chenye chumvi na yale ya sabuni hayafai. Majani yakianguka juu yake yaondoe, maana yakioza yanaifunika na kuiua. Nyasi zing'olewe kwa mkono zikiwa changa.

Adui mkubwa ni kuku. Kuku akiona zulia hilo anajua chini kuna wadudu, na kwa dakika chache kazi ya miezi imekwisha. Zungushia miiba au waya kabla hujapanda, si baadaye.

Januari na Februari itakauka igeuke kahawia. Usiing'oe ukidhani imekufa. Inyunyizie, nayo itarudi kijani. Na wale wanaoikwangua kwenye miparachichi yao wakisema inakula mti, wasifanye hivyo. Inakaa juu ya gamba tu, hainyonyi mti.

Wakati wa kuvuna chukua vipande vidogo hapa na pale, uache sehemu kubwa iendelee. Mwenye kidonda mkononi akifunge kwanza, na baada ya kazi nawa kwa sabuni; kuna ugonjwa wa ngozi unaoingia kwa mikwaruzo mtu anaposhika mimea ya namna hii.

Sasa tawi. Chagua lenye afya, nene kama penseli au kidole. Toa gamba kuzunguka tawi, upana wa sentimita 2 au 3, ukwangue ule utelezi wa chini yake, maana ukibaki gamba litajiunga tena. Loweka kuvumwani, ikamue isidondoke maji, ifunge hapo kiasi cha ngumi. Zungushia plastiki, hata pakiti ya maziwa iliyooshwa, ufunge ncha zote mbili kwa nguvu. Ukitumia inayoonyesha ndani, utaona mizizi bila kufungua. Miti mingine huchukua miezi miwili, mingine mitatu na zaidi. Mizizi ikijaa, kata chini ya fundo, ondoa plastiki lakini uache kuvumwani, punguza majani nusu, upande mche mkebeni na kuuweka kivulini mpaka utoe majani mapya.