Cheti Kinasema Othman, Shule Inasema Athumani

Mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, duka langu la stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, halina pa kukanyaga. Nina kompyuta mbili, mashine moja ya kutoa kopi, na benchi nje ambalo wazazi hukaa kungoja zamu. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja wa Kigombe, mvuvi, bahasha ya plastiki kaishika kama kashika yai. Ndani mlikuwa na matokeo ya bintiye: tahasusi ya sayansi, PCB, daraja la kwanza, pointi 3. Juu ya hapo hakuna tena.

"Mwanangu," akaniambia, "nasikia hawa serikali inawasomesha bure. Hebu nitazamie."

Nikamtazamia. Jina la binti lilikuwemo kwenye orodha ya wenye sifa. Nikasema sasa mzee nipe cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Cheti kilisema binti ni wa Othman. Shule, tangu darasa la kwanza, ilimwandika wa Athumani. Sisi watu wa pwani tunajua hilo ni jina moja, lakini kompyuta inaona wasichana wawili. Ikawa ni wakili, kiapo, nauli za kwenda na kurudi, na mzee kuacha bahari wiki nzima msimu wa samaki. Alimaliza zikiwa zimebaki siku nne dirisha la maombi lifungwe.

Tangu siku hiyo, mzazi akinijia na maswali ya ufadhili, simwulizi kwanza pointi. Namwuliza cheti.

Lakini tuliweke sawa neno lenyewe, maana benchini kwangu watu husema "mkopo" wakiwa na maana ya kila fedha ya chuo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni deni. Lile bumu la kujikimu ambalo vijana hulishangilia, shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, litarudishwa: mtoto akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Ufadhili haurudishwi. Ule unaoitwa Samia Scholarship ulianza mwaka wa masomo 2022/2023, ukatengewa shilingi bilioni 3, na unalipa ada, chakula, malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na bima ya afya. Unasimamiwa na Bodi hiyohiyo, na ndiyo maana watu huvichanganya.

Wazazi hunivuta pembeni waniulize namjua nani huko Bodi. Simjui mtu, na hahitajiki. Orodha inatokana na matokeo ya Baraza la Mitihani: waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Aliyemo anatakiwa awe amepata nafasi katika chuo kinachotambulika, kwa kozi ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba, kisha aombe kwa mtandao ndani ya muda. Kuwemo kwenye orodha si kupewa. Kuna waliotajwa wakakaa nyumbani wakingoja kupigiwa simu.

Hapa pia tofautisheni na hadithi za Marekani ambazo vijana huzisoma. Kule vyuo vingi vina fedha zao, na chuo humpunguzia kipanga ada ili kimvute. Kwetu fedha nyingi humfuata mwanafunzi, hazitoki chuoni. Kwa hiyo swali la "chuo gani kinatoa ufadhili" mara nyingi si swali lenyewe. Swali ni kozi gani, na je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Tume hutoa mwongozo kila mwaka wenye kozi zote na sifa za kuingilia. Upakueni. Na kijana akichaguliwa vyuo viwili au vitatu, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Nimewaona waliobadili laini katikati ya maombi, ujumbe ukaenda kwenye laini iliyokwisha tupwa jalalani.

Sasa lile linaloniuma. Wengi wanaonijia kutoka Pangani na Mkinga wamesoma tahasusi za sanaa: HGK, HGL, HKL. Kuna mama alikuja na kijana wake wa HKL, mtoto mwenye akili kali, lakini Samia Scholarship haimtazami kabisa. Ikabidi nimwambie mama yake, naye akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeandika masharti. Nchi inataka madaktari na wahandisi, sawa, lakini mwalimu mzuri wa Kiswahili naye hakuokotwa ufukweni. Mpaka masharti yabadilike, mzazi ajue kwamba mlango huu hufunguka au kufungwa kidato cha nne, kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi. Hata baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadili tahasusi kwa mtandao. Mara nyingi kijana huifanya kazi hiyo peke yake kwenye simu, akiwafuata rafiki zake. Kaeni naye siku hiyo.

Ipo milango mingine, midogo. Mashindano ya Young Scientists Tanzania huwapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuonyesha utafiti wao, na taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikiwasomesha washindi chuo kikuu. Wazee wa Tanga wanalijua jina Karimjee tangu enzi za mkonge. Wenye ndugu Pemba nao huniuliza kuhusu bodi ya mikopo ya Zanzibar. Ile ni ya Wazanzibari, kuwa na shangazi Wete hakutoshi.

Kwa nje ya nchi, tatizo ni kalenda. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, hupokea maombi Januari na Februari, wakati wetu wanafanya mtihani Mei na matokeo ni Julai. Kijana anatakiwa aombe akiwa bado darasani, au angoje mwaka mzima. Kuomba ni bure. Nasisitiza bure kwa sababu kila msimu hutokea mtu mwenye suti anayetaka laki mbili "za kufungulia faili" ziingie kwenye simu yake. Ada ya kuomba mkopo wa Bodi ipo, lakini hulipwa kwa kontroo namba ya serikali, si kwa namba ya mtu.

Binti wa Kigombe sasa anasomea udaktari. Babaye bado hupita dukani akileta samaki sokoni.

Kama mwanao yuko kidato cha pili au cha tatu leo, usingoje pointi. Chukua cheti chake cha kuzaliwa na kadi yake ya shule, uviweke sambamba, usome herufi moja moja. Macho yakikusumbua, niletee. Kutoa kopi natoza, kusoma sitozi.