Namna ya Kumpiga Picha Mnyama wa Mwitu

Wasikilizaji wetu, leo tutasema habari za kuwapiga picha wanyama wa mwitu, na hasa zile picha zinazopatikana ghafula, mnyama akiwa katika shughuli zake mwenyewe: chui akishuka mtini, kiboko akipiga miayo, duma akianza mbio. Watu wengi wakiziona picha hizo hudhani ya kuwa aliyezipiga alikuwa na bahati tu, au kwamba kamera yake ilikuwa ya thamani kubwa. Bahati ipo, wala hatuikani. Lakini humwendea zaidi yule aliyejiweka tayari, na kujiweka tayari ni jambo linaloweza kufundishwa.

Kwanza tutazame zamani. Mjerumani mmoja, jina lake Carl Georg Schillings, alipiga picha za wanyama usiku katika nchi za Kilimanjaro, na mwaka wa 1905 akatoa kitabu kilichozieneza picha hizo huko Ulaya. Wapagazi walimchukulia vyombo vizito. Kwa kuwa usiku hapana nuru, alitumia unga uliowaka kwa mmweko mkali. Na ili simba wasogee, alifunga ng'ombe na punda wawe chambo. Leo vyombo vimekuwa vyepesi. Kamera huweza kuipokea nuru kwa muda wa sehemu 1 katika 2000 ya sekunde, na kwa muda mfupi kama huo hata duma aliye mbioni huonekana kana kwamba amesimama hewani. Lakini hakuna kamera iwezayo kumwambia mtu ni lini mnyama atainuka. Hilo hujulikana kwa kuzijua tabia za mnyama, na ndilo neno letu la kwanza.

Wanyama wengi hutoa ishara kabla ya kutenda. Simba waliolala kutwa kivulini, wakianza kupiga miayo mmoja baada ya mwingine na kujinyosha, aghalabu wako karibu kuondoka. Duma anayetafuta windo hupanda juu ya kichuguu apate kutazama mbali. Ndege mkubwa aliyetua mtini, kabla ya kuruka, huinama mbele na kukunja miguu. Twiga wakisimama kimya, wote wakiukabili upande mmoja, huenda wameona simba. Na nyumbu wafikao ukingo wa mto Mara, ambao huuvuka aghalabu kati ya Julai na Oktoba, husongamana, hurudi nyuma, husogea tena, pengine kwa saa nyingi. Lakini mmoja akijitosa, wengine humfuata kwa mamia. Azijuaye ishara hizi huinua kamera kabla ya tendo. Asiyezijua huiinua baadaye, akapata picha ya mkia.

Katika elimu hii mchungaji wa ng'ombe humpita mgeni mwenye kamera ya fedha nyingi, kwa kuwa yeye amezisoma ishara hizo tangu utoto. Ndiyo maana mgeni mwenye akili humsikiliza sana kiongozi wake.

Neno la pili ni nuru. Tangu saa 12 hata saa 3 asubuhi, na tena tangu saa 10 alasiri hata jua kuchwa, nuru hutoka upande, nayo ni laini. Adhuhuri jua huwa utosini. Kivuli huyafunika macho ya mnyama, na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini huitetemesha picha ya mbali. Tena wakati huo wanyama wengi wamelala.

Neno la tatu ni utulivu. Gari lisimame na injini izimwe, maana mtetemo wake huiharibu picha. Kamera hulazwa juu ya kifuko cha maharagwe kilichowekwa dirishani, isitikisike. Kisha mtu hungoja. Mara nyingi akaaye saa nzima kimya karibu na maji, mahali wanyama wanapokuja kunywa, hupata zaidi ya yule azungukaye mbuga yote. Mstahimilivu hula mbivu.

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Kuna wasiotaka kungoja. Huliacha barabara, hulizunguka windo, hupiga kelele ili mnyama ageuze uso. Madhara yake si madogo. Mwaka wa 2018 ulichapishwa uchunguzi wa duma uliofanywa Maasai Mara, nchini Kenya. Majike waliokaa penye wageni wachache waliwakuza kwa wastani watoto 2.3 katika kila uzazi hata wakaweza kujitegemea; waliokaa penye wageni wengi waliwakuza 0.2 tu. Maana yake, hapo penye wageni wengi, majike watano wakizaa, ni mtoto mmoja tu akuaye katika wote. Si vigumu kuona jinsi hayo yanavyoweza kutukia. Duma huwinda sana mchana, wakati ule ule magari yanapotembea. Magari yakimzonga, windo hushtuka na kukimbia, naye hubaki na njaa pamoja na watoto wake.

Basi sharti mpiga picha ashike kanuni: asiliache gari wala barabara pasipo ruhusa, asiikate njia ya mnyama, asimwite wala kumtupia kitu, na akiona magari yamekwisha kuwa mengi, aende zake. Kanuni hizi huifaa picha pia. Picha ya mnyama aliyeshtushwa haituonyeshi maisha yake. Hutuonyesha hofu yake kwetu.

Na ninyi wanafunzi msio na kamera mwaweza kuanza leo. Mtazameni kuku mwenye vifaranga, au mbuzi, au kunguru juu ya paa, kwa muda wa nusu saa. Kabla hajatenda neno, kisieni atakalotenda, mkaandike katika daftari, kisha mwone kama mmekisia sawa. Mkifanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja, macho yenu yatakuwa tayari siku mtakapoishika kamera.