Saratani ya matiti: Mambo yanayoamua matokeo ya mionzi

MWANAMKE wa Kayole au Dandora anapogundua kivimbe katika titi, mara nyingi hukipuuza kwa sababu hakimuumi. Miezi hupita, na afikapo hospitalini ugonjwa huwa umekwisha kuenea hadi tezi za kwapani. Hapo swali la jamaa zake huwa moja: je, mionzi itamponya?

Jibu hutegemea mambo manne.

La kwanza ni hatua ya ugonjwa. Katika hatua ya tatu, saratani ingali katika titi, ngozi yake au tezi za karibu. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa, hufanyiwa upasuaji, kisha mionzi huua seli zilizosalia. Lengo huwa ni kuponya. Katika hatua ya nne, saratani imefika mifupani, kwenye ini, mapafu au ubongo. Hapo mionzi hutuliza maumivu, lakini haiondoi ugonjwa wote. Hata hivyo, aliyeathirika mifupa pekee huwa na matumaini zaidi kuliko aliyeathirika ini au ubongo.

La pili ni idadi ya tezi. Kadiri tezi zilizoathirika zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya ugonjwa kurejea inavyozidi.

La tatu ni aina ya seli. Zinazotegemea homoni huweza kudhibitiwa kwa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka mitano au zaidi. Zisizo na vipokezi vya homoni wala protini ya HER2 ni kali zaidi, nazo huonekana zaidi miongoni mwa wanawake weusi kuliko Wazungu.

La nne ni kukamilisha tiba. Mionzi ya baada ya upasuaji hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Anayeikatiza kwa kukosa nauli huzipa seli nafasi ya kuota upya. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ilibeba mzigo huu. Tangu 2019, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo imekuwa ikipokea wagonjwa.

Kati ya hayo yote, lililo mikononi mwa mwanamke mwenyewe ni kuwahi. Si kila kivimbe ni saratani, lakini ni kipimo cha kipande cha uvimbe kinachothibitisha. Kwa wakazi wa Eastlands, safari hiyo yaweza kuanzia karibu, katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki.