Komatsu Sakyo, mwandishi aliyeizamisha Japani

Sehemu ya Pili na ya Mwisho

Katika makala ya juma lililopita tulimfuata Komatsu Sakyo tangu alipozaliwa Osaka, tarehe 28 Januari 1931, hadi alipomaliza masomo ya fasihi ya Kiitaliano katika Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1954. Tuliona jinsi alivyohangaika kutafuta riziki: akachora katuni, akaandika habari katika jarida la biashara, akatunga vichekesho vya redio. Tuliona pia jinsi vita vilivyompitia. Japani iliposalimu amri Agosti 1945 alikuwa na miaka 14, mwanafunzi aliyeondolewa darasani akapelekwa kiwandani. Kule Okinawa wavulana wa rika lake walikuwa wameingizwa vitani, na wengi hawakurudi kwa wazazi wao.

Msomaji ambaye sehemu ile ilimpita ashike hilo moja tu, maana kazi yote ya Komatsu imesimama juu yake. Kijana huyu aliokoka kwa sababu vita viliisha kabla zamu yake haijafika. Mwaka 1961 alipoingia katika shindano la kwanza la hadithi za kisayansi la shirika la uchapishaji la Hayakawa, alipeleka hadithi inayouliza ingekuwaje kama zamu hiyo ingefika. Humo Agosti 1945 inapita, vita vinaendelea, na mvulana anapigana milimani ndani ya nchi yake mwenyewe. Hadithi ilitajwa kwa heshima na waamuzi, na baadaye ikapendekezwa kwa Tuzo ya Naoki, moja ya tuzo kubwa za fasihi nchini mwake. Tangu hapo Komatsu hakuiacha njia ile: huiondolea jamii kinga yake, kisha hukaa kuwatazama watu wanafanya nini.

Mwaka 1964 alitoa riwaya mbili. Ya kwanza ilianzia nyumbani kwake. Umaskini ulikuwa umewafikisha mahali pa kuiweka redio rehani, na mkewe akabaki bila cha kumliwaza. Komatsu akawa anamwandikia kipande cha hadithi siku baada ya siku. Vipande hivyo ndivyo vilivyozaa riwaya ya Waapache wa Japani. Apache lilikuwa jina la wachukuzi wa vyuma chakavu waliokuwa wakiingia usiku katika magofu ya kiwanda cha silaha cha jeshi pale Osaka, kilicholipuliwa kwa mabomu tarehe 14 Agosti 1945, siku moja kabla ya vita kwisha. Komatsu aliwafanya mafukara hao wale chuma chenyewe, miili yao ikabadilika, na hatimaye serikali ikawaogopa. Ni hadithi ya vituko, lakini ndani yake mna hasira ya mtu aliyeziona njaa na vifusi kwa macho yake.

Riwaya ya pili ni Fukkatsu no Hi, yaani Siku ya Ufufuo. Kirusi kilichotengenezwa maabara kwa ajili ya vita kinaibwa, ndege inayokibeba inaanguka katika milima ya Alps, na majira ya kuchipua yanapoyeyusha theluji ugonjwa unatoka. Watu wanadhani ni mafua ya kawaida. Hospitali zinajaa, madaktari wanaanguka wakiwa kazini, na miezi michache baadaye waliosalia ni wachache waliokuwa katika vituo vya utafiti huko Antaktika, kwenye baridi ambayo kirusi hakiiwezi. Hata hapo hatari haijaisha. Mtaalamu wa Kijapani anang'amua kwamba tetemeko litatokea Alaska, na mitambo ya makombora ya Marekani na ya Kisovieti, iliyoachwa ijiendeshe bila mtu, italichukua kuwa ni shambulio. Filamu ya riwaya hiyo ilitoka mwaka 1980. Mwaka 2020, ulimwengu ulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, Wajapani wengi waliirudia riwaya ile ya 1964.

Watu wa nchi yake walimjua pia kwa kazi za nje ya vitabu. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa wanazuoni walioanzisha chama cha utafiti wa mambo ya baadaye. Yalipofanyika Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970, yaliyovuta zaidi ya watu milioni 64 na ambayo Tanzania nayo ilikuwa na banda lake, Komatsu alikuwa mmoja wa wasimamizi wa banda kuu, pale uliposimama Mnara wa Jua wa msanii Okamoto Taro. Chini ya mnara huo ziliwekwa barakoa na sanamu za ibada zilizokusanywa pande nyingi za dunia. Mwaka huohuo aliongoza maandalizi ya kongamano la kimataifa la waandishi wa riwaya za kisayansi. Arthur C. Clarke alikuja kutoka upande wa Magharibi, na waandishi wa Kisovieti nao wakaja, wakaketi chumba kimoja wakati mataifa yao yalikuwa yameelekezeana makombora.

Muda wote huo mezani kwake kulikuwa na kazi nyingine, aliyoianza mwaka 1964 na iliyomchukua miaka tisa. Hiyo ndiyo Nippon Chinbotsu, Kuzama kwa Japani, iliyotoka Machi 1973 kwa juzuu mbili.

Inaanza na kisiwa kidogo cha kusini kinachotoweka baharini. Rubani wa nyambizi ndogo ya utafiti, kijana aitwaye Onodera, anashuka na mwanasayansi Tadokoro hadi ndani ya Mtaro wa Japani, shimo la bahari lenye kina cha mita 8,000 hivi. Wanachokiona huko sakafuni kinamtia Tadokoro hofu ambayo wenzake wanaicheka: Japani nzima itazama, na muda uliobaki ni mfupi.

Ili kupata uzito wa riwaya hii, tutazame sayansi iliyomo. Gamba la nje la dunia limekatika katika mabamba makubwa, na chini yake kuna tabaka la mwamba wa moto ambao hupanda na kushuka polepole mno, kama uji mzito jikoni. Mabamba hubebwa juu ya mwendo huo. Japani iko pale ambapo bamba la Pasifiki, likisogea kwa sentimita 8 hivi kila mwaka, linapiga mbizi chini ya bamba jingine. Hapo ndipo yanapotoka matetemeko na volkano zake. Kishindo cha aina hiyohiyo, pwani ya Sumatra mwezi Desemba 2004, ndicho kilichosukuma tsunami hadi fukwe za Somalia, Kenya na Tanzania.

Nadharia hii ilikuwa inakomaa miaka ileile Komatsu alipokuwa anaandika. Alisoma makala za wataalamu na kununua mashine ya elektroniki ya kupigia hesabu, wakati ambapo mashine hizo zilikuwa ghali sana, ili akokotoe uzito wa visiwa vya nchi yake na nguvu inayohitajika kuviangusha. Alielewa kwamba visiwa haviwezi kuzama kwa kasi aliyoitaka, kwa hiyo alibuni badiliko la ghafla katika lile tabaka la moto. Kila kitu kingine alikipigia hesabu. Kitabu kilipofanywa filamu, iliyotoka mwishoni mwa 1973, Takeuchi Hitoshi, profesa wa fizikia ya dunia, alionekana humo kama yeye mwenyewe akimfafanulia Waziri Mkuu jambo hilo.

Hata hivyo kiini cha kitabu ni watu. Mzee Watari, tajiri aliyepita miaka 100 na mwenye sauti kubwa katika siasa, anawaweka faraghani wanazuoni wachache wafikirie hatima ya taifa. Moja ya rai wanazoleta ni kwamba pengine ni heri kutofanya lolote, taifa life pamoja na ardhi yake. Komatsu anaiacha rai hiyo isimame na kupimwa, kwa sababu aliikumbuka. Mwaka 1945 walikuwepo viongozi waliokuwa tayari taifa zima liangamie kwa heshima. Safari hii Wajapani wanachagua kuishi. Wajumbe wanatumwa kimyakimya kuziomba nchi za nje, Australia ikiwemo, ziwapokee watu wa Japani, na dunia inaanza kupima ni Wajapani wangapi inawataka. Taifa tajiri linageuka mwombaji. Mwishoni Watari anafichua kwamba baba yake alikuwa mtawa wa Kichina. Aliyewahangaikia Wajapani kuliko wote alikuwa na asili ya ng'ambo. Tadokoro anakataa kuondoka, anakufa na visiwa vyake. Onodera, akiwa majeruhi, anavuka Siberia ndani ya treni.

Kitabu kiliuzwa karibu nakala milioni 4, na kikapata tuzo ya waandishi wa riwaya za upelelezi pamoja na Tuzo ya Seiun ya riwaya za kisayansi. Wakati wenyewe ulikisaidia. Mwaka 1973 ilitimia miaka 50 tangu tetemeko la Kanto lililoiteketeza Tokyo, na Oktoba mafuta yakapanda bei, nchi isiyo na mafuta ikaonja udhaifu wake. Lakini Komatsu alikuwa na jambo kubwa zaidi. Kuzama kwenyewe alikusudia kuwe utangulizi tu. Alitaka kuandika juu ya Wajapani waliotawanyika duniani bila nchi. Sehemu hiyo ilisubiri hadi 2006, alipoitoa akishirikiana na mwandishi Tani Koshu.

Kabla ya hapo ardhi yenyewe ilimjia. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliipiga Kobe na miji jirani, eneo alilokulia. Zaidi ya watu 6,400 walikufa, na barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu. Komatsu alikuwa na miaka 63, na jina lake lingemruhusu akae studioni atoe maoni. Alichagua kazi ya mwandishi wa habari. Kwa mwaka mzima aliandika katika gazeti la Mainichi, akiwahoji wanasayansi na walionusurika, akikusanya kumbukumbu ili watakaokuja wajue nini kilishindikana na kwa nini. Kazi hiyo ilimgharimu. Baadaye aliugua sonona kwa muda mrefu.

Tarehe 11 Machi 2011 kaskazini mashariki mwa Japani kulipigwa na tetemeko na tsunami. Komatsu aliyaona hayo akiwa mgonjwa, akafariki tarehe 26 Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 80.

Wapo wanaompima kwa kuuliza kama alitabiri. Mimi naona kipimo hicho hakimtoshi. Tetemeko la Japani halihitaji mtabiri, linajulikana litakuja. Alichofanya Komatsu ni kulifikiria hadi mwisho wake, kwa hesabu na kwa huruma, swali ambalo watawala huliahirisha: taifa ni nini, ardhi, serikali, au watu wanaookoana? Jibu limo katika riwaya zake zote, tangu mvulana wa milimani hadi majeruhi wa treni ya Siberia. Ni watu. Kwa hiyo watu ndio wa kuokolewa kwanza, na kila maarifa tuliyo nayo ni kwa ajili hiyo. Vijana wetu wanaosoma fizikia na jiografia, na walimu wao wa fasihi, wakikaa pamoja juu ya kazi kama hizi, watagundua kwamba wanasoma somo moja.

(MWISHO)