Kamera Mpya na Mwanga Mdogo

Kamera mpya ni kama jembe jipya: hata likiwa kali namna gani, halilimi lenyewe. Jambo hili hulitambua karani au mkulima ambaye, baada ya kuweka akiba miezi mingi, hatimaye hujinunulia kamera. Mchana hupiga picha za watoto na za ng'ombe wake, nazo hutoka safi. Jioni humwona komba mtini karibu na nyumba, akainua kamera kwa haraka, na picha itokayo ni giza tupu, au ukungu usio na umbo. Hapo wengi hukata tamaa. Wengine huilaumu kamera na kutaka nyingine ya bei kubwa zaidi, hali karo ya watoto haijalipwa bado. Lakini mara nyingi kosa si la kamera. Aliyeishika hajajifunza kuukusanya mwanga mdogo, na ujuzi huo hauuzwi dukani.

MAMBO MATATU

Picha hufanywa kwa mwanga, kama vile mtungi ujazwavyo kwa maji ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, mtungi hujaa mara moja. Yakiwa ni manyunyu tu, lazima mdomo wa mtungi uwe mpana, au mtungi uachwe nje muda mrefu.

Jambo la kwanza, basi, ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kunywea kama mboni ya jicho la paka. Namba zake huwatatiza wanaoanza, kwa kuwa namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa: tundu la namba 2 huingiza mwanga mara 4 ya lile la namba 4. Jambo la pili ni muda. Picha iliyopigwa kwa sehemu ya 30 ya sekunde hupata mwanga mara mbili ya ile iliyopigwa kwa sehemu ya 60.

La tatu ni namba za ISO, zionyeshazo jinsi kamera inavyoukuza mwanga ilioupata. Hizo zafaa kulinganishwa na redio. Kituo kikiwa mbali, mtu hupaza sauti. Maneno husikika zaidi, na mikwaruzo nayo huongezeka. Ndivyo picha ya ISO 3200 inavyoweza kuonyesha chengachenga kama mchanga. Hata hivyo, yafaa kuzivumilia chenga hizo kuliko kupata picha iliyotikisika, kwa maana mtikisiko ni vigumu sana kuuondoa baadaye.

MKONO ULIOTULIA

Wapiga picha wana kipimo chao cha zamani. Mwenye lenzi ya milimita 50 asipige kwa mkono mtupu kwa muda unaozidi sehemu ya 50 ya sekunde, na mwenye lenzi ya milimita 200 asizidishe sehemu ya 200. Muda ukihitaji kuwa mrefu zaidi, kamera na iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu. Asiye na stendi aweza kujaza maharagwe katika mfuko mdogo, akaulaza juu ya ukuta au jiwe, na kuilaza kamera juu yake. Kisha aiweke kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, kusudi kidole chake kisiitikise.

Lakini stendi huituliza kamera tu. Haimtulizi ndege apigaye mabawa. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kungoja mpaka mnyama asimame kidogo, na angoje akiwa tayari. Katika nchi ya Kenya, inayopitiwa na Ikweta, mwanga wa jioni hauchelewi kutoweka: jua likisha kuzama, hubaki kama dakika 20 tu za mwanga wa kufaa. Anayeanza kutafuta vifungo vya kamera wakati huo amekwisha kuchelewa.

TAA NA WANYAMA

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi iliyo sasa Tanzania. Aliwasha unga uliolipuka kwa mwanga mkali, na wakati mwingine alifunga ng'ombe au punda kuwa chambo cha simba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na picha zake ziliwastaajabisha watu wa Ulaya.

Kamera za siku hizi hazihitaji kishindo cha namna hiyo. Macho ya komba na bundi yameumbwa kwa ajili ya giza, na taa ya kamera huyapumbaza kwa muda. Ndege aliyeshtuliwa kiotani aweza kuruka na kuyaacha mayai yake yapate baridi. Picha moja haistahili gharama hiyo. Tena mpiga picha asisahau usalama wake mwenyewe: viboko hutoka majini usiku kuja kula majani, kama wafanyavyo katika Ziwa Naivasha, na si busara kukutana nao gizani.

NYOTA ZA SHAMBANI

Mwenye kutaka kuanza hana haja ya kusafiri. Usiku usio na mwezi, katika Desemba au Januari, Kilimia huonekana wazi juu ya shamba lake mwenyewe, nyota zile zile ambazo wazee walizitazama kupima majira ya kulima. Kwa lenzi ya milimita 50, kamera ikiwa imetulia, sekunde 10 zatosha. Zikizidi sana, nyota huanza kuonekana kama vijistari, kwa sababu dunia inazunguka.

Jambo la mwisho ni daftari. Kwa kila picha na iandikwe saa, namba ya tundu, muda na ISO, pamoja na kosa lililotokea. Kamera nyingi za sasa huhifadhi namba hizo zenyewe, lakini haziandiki kwamba upepo ulivuma, wala kwamba komba huja kwenye mpera ule ule kila jioni baada ya kuku kuingia bandani. Mwenye kuyajua hayo atakuwa amekwisha kuketi pale, kamera yake juu ya mfuko wa maharagwe, kabla komba hajafika.